Kolesteroli ikishuka kwa mgonjwa wa figo, si lazima iwe habari njema

NI jambo la kawaida siku hizi kumsikia mtu akijivunia kwamba kolesteroli yake imeshuka. Kwa miaka mingi madaktari na vyombo vya habari wameonya kuwa mafuta haya, ambayo baadhi ya wataalamu wa lugha huyaita lehemu, yakizidi katika damu huziba mishipa na kusababisha mshtuko wa moyo au kiharusi. Ujumbe huo umepenya hadi vijijini.

Ndiposa mgonjwa ambaye figo zake zimefeli, na ambaye husafishwa damu kwa mashine kila wiki, anapoonyeshwa matokeo ya kolesteroli ya chini, jamaa zake hushusha pumzi. Huamini kwamba, pamoja na masaibu yote yaliyompata, angalau moyo wake u salama.

Hata hivyo, utafiti uliofanywa kwa zaidi ya miaka 30 unatoa picha tofauti. Miongoni mwa wagonjwa wanaosafishwa damu, wale walio na kolesteroli ya chini sana ndio ambao, kwa jumla, hufariki mapema kuliko wenzao. Aidha, dawa za kupunguza kolesteroli, ambazo zimeokoa maisha ya watu wengi wenye figo nzima, hazijaonyesha manufaa kama hayo kwa wagonjwa hawa.

Je, ina maana kwamba mafuta yamegeuka kuwa dawa? La hasha. Sharti jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu kulielewa visivyo kunaweza kumgharimu mgonjwa uhai wake.

Kitendawili kilivyoanza

Mnamo 1990, watafiti wa Marekani, Edmund Lowrie na Nancy Lew, walichapisha uchunguzi wa rekodi za zaidi ya wagonjwa 12,000 waliokuwa wakisafishwa damu. Walitaka kujua ni vipimo vipi vya maabara vinavyoashiria kwamba mgonjwa yumo hatarini. Kipimo kilichojitokeza zaidi kilikuwa albumini, protini ya damu ambayo hushuka mwili unapodhoofika. Lakini kolesteroli nayo iliwashangaza wengi: hatari ya kifo iliongezeka kadiri kiwango chake kilivyokuwa chini.

Tafiti nyingine zilizofuata, ikiwemo moja ya Okinawa, Japani, iliyochapishwa 2002, zilipata mwelekeo kama huo. Wataalamu wakaanza kuzungumza juu ya hali iliyopinduka, ambapo kile kinachohesabiwa kuwa hatari kwa watu wengine kinaonekana kama kinga kwa mgonjwa wa figo.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kiasi kikubwa mwaka wa 2004, wakati watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walipochapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 823 walioanza kusafishwa damu. Waliwagawanya katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa la wale wenye dalili za utapiamlo au za kinga ya mwili kuwa vitani mfululizo, hali ambayo madaktari huiita inflamesheni. Kundi la pili halikuwa na dalili hizo.

Katika kundi la pili, mambo yalikuwa vile vile tunavyoyajua: kolesteroli ilipopanda, hatari ya kifo nayo ilipanda. Ni katika kundi la kwanza pekee ambapo uhusiano huo ulitoweka na hata kugeuka. Kwa maneno mengine, kolesteroli ya chini haikuwa inawaua wagonjwa. Ilikuwa dalili tu ya jambo jingine lililokuwa likiwamaliza polepole.

Mfano wa ghala unaweza kutufaa hapa. Mkulima akifungua ghala lake asikute panya hata mmoja, asikimbilie kumsifu paka. Huenda panya wamehama kwa kuwa mahindi yenyewe yamekwisha.

Mwili unavyokonda

Mgonjwa wa figo hukabiliwa na njaa inayotoka pande nyingi. Sumu ambazo figo zimeshindwa kuondoa humpotezea hamu ya chakula na kumletea kichefuchefu. Mashine nayo, inapochuja uchafu, huondoa pia viini vinavyojenga protini, kati ya gramu 6 na 12 hivi katika kila kikao. Maambukizi, hasa kupitia mipira inayowekwa kwenye mshipa wa shingo, huichochea kinga ya mwili bila kukoma.

Inflamesheni hiyo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hushusha kolesteroli na albumini, na papo hapo huharibu mishipa ya damu na moyo. Hivyo, mgonjwa anaweza kuwa na kipimo kizuri kwenye karatasi ilhali moyo wake unazidi kudhoofika.

Fauka ya hayo, kolesteroli nyingi huchukua miaka mingi kuziba mishipa, lakini utapiamlo na maambukizi huweza kuua katika muda wa miezi. Lile linaloua haraka hulifunika linaloua polepole.

Dawa zilivyofanyiwa majaribio

Kwa kuwa maradhi ya moyo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wagonjwa hawa, ilikuwa busara kuuliza iwapo dawa za statini zingewasaidia. Nchini Ujerumani, wagonjwa 1,255 wa kisukari waliokuwa wakisafishwa damu walipewa ama atovastatini ama vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitolewa 2005. Kolesteroli mbaya ilishuka kwa asilimia 42 kwa waliopewa dawa, lakini idadi ya vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi haikupungua kwa kiwango cha kuridhisha wanasayansi.

Mwaka wa 2009 jaribio kubwa zaidi, lililohusisha wagonjwa 2,776 katika mataifa 25 na kutumia rosuvastatini, lilifikia hitimisho sawa na hilo.

Mnamo 2011, jaribio lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, liliwashirikisha zaidi ya watu 9,000 wenye maradhi ya figo, takriban thuluthi moja wakiwa wanasafishwa damu. Walipewa simvastatini pamoja na ezetimibu. Kwa jumla, matukio makubwa ya kuziba kwa mishipa yalipungua kwa asilimia 17, ila manufaa hayo hayakubainika wazi kwa wale waliokuwa wanategemea mashine.

Sababu moja ni kwamba moyo wa mgonjwa wa figo aghalabu haufi kwa kuzibwa na mafuta. Huchoshwa na maji yanayojaa mwilini, huvurugwa na potasiamu inayopanda na kushuka, na mishipa yake hukakamaa kwa kujaa chokaa. Statini haitibu hayo.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa uliotolewa 2013 na shirika la KDIGO unapendekeza kwamba mgonjwa ambaye tayari anategemea mashine asianzishiwe statini kama desturi tu. Lakini aliyekuwa akizitumia kabla ya kuanza kusafishwa damu anaweza kuendelea nazo. Kwa watu wazima wa umri wa miaka 50 na zaidi wenye maradhi sugu ya figo ambao hawajafikia hatua ya mashine, na kwa waliopandikizwa figo, dawa hizi zinapendekezwa. Kwa hivyo, asitokee mtu wa kutupa vidonge vyake kabla ya kushauriana na daktari.

Sahani ndiyo tiba iliyosahaulika

Nchini Kenya, huduma ya kusafisha damu ilisambaa katika hospitali nyingi za kaunti kuanzia 2015, serikali ilipoleta mashine kupitia mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu. Bima ya umma nayo husaidia kulipia vikao, ambavyo kwa wagonjwa wengi ni viwili kwa wiki. Lakini bima hulipia mashine. Chakula ni juu ya familia.

Hapa ndipo kosa hutokea. Kabla ya kufikia hatua ya mashine, mgonjwa huwa ameshauriwa apunguze protini ili asizichoshe figo. Akishaanza kusafishwa, ushauri hubadilika. Sasa anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 60 na 72, na yai moja lina gramu 6 hivi. Familia isiyoarifiwa huendelea kumnyima nyama, samaki na mayai, ikidhani inamkinga na kolesteroli, kumbe inamdhoofisha.

Hii haina maana kwamba ale kila kitu. Chumvi na maji ni lazima yapimwe. Ndizi, parachichi na viazi vina potasiamu nyingi, na viazi hufaa vichemshwe na maji yake kumwagwa. Omena na maziwa vina fosforasi nyingi. Ute wa yai, kuku na samaki aliyeondolewa mifupa humfaa zaidi. Mtaalamu wa lishe ndiye anayepaswa kupanga kiasi kwa kila mgonjwa.

Isitoshe, mizani huweza kudanganya. Nyama ya mwili inapoyeyuka, maji huchukua nafasi yake, na uzani ukabaki pale pale. Mikono iliyokonda, nguo zinazopwaya na sahani inayorudi jikoni na chakula ni ishara ambazo watu wa nyumbani huziona mapema kuliko daktari.

Kwa hivyo, kolesteroli ya mgonjwa wako ikishuka bila ya dawa, maswali ya kumwuliza daktari ni haya: Albumini yake ikoje? Je, ana maambukizi yaliyojificha? Anasafishwa ipasavyo, au kuna vikao alivyokosa kwa kukosa nauli? Anakula kiasi gani?

Majibu ya maswali hayo yatasema mengi zaidi kuhusu siku zake zijazo kuliko tarakimu moja ya mafuta iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara.