Kijana wa Msimu Mmoja na Udongo wa Miaka Kumi

Elimu ya kilimo nchini Tanzania ina kazi mbili ambazo mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni moja. Ya kwanza ni kumvuta kijana arudi shambani, au asiondoke. Ya pili ni kumfundisha kulima bila kuuchosha udongo. Kijana asiye na shamba la urithi huanza kwa kukodi ekari moja au mbili kwa msimu mmoja, kisha hutafuta zao litakalomrudishia fedha ndani ya miezi mitatu au minne. Kilimo endelevu hakiendi kwa haraka hiyo. Faida ya samadi na mboji huenea misimu kadhaa, mti wa kivuli hulipa baada ya miaka, na tuta la kuzuia mmomonyoko laweza kumnufaisha mpangaji mwingine kabisa. Fundo la sekta liko hapo, na kampeni nyingi za kuwahamasisha vijana hulipita bila kuligusa.

Uzito wa jambo lenyewe haubishaniwi. Kilimo huchangia takriban robo ya pato la taifa na kuajiri karibu theluthi mbili ya nguvu kazi ya Watanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wengi wao wakiwa chini ya umri wa miaka 35.

Mafunzo rasmi ya kilimo yalianza kama mafunzo ya watumishi. Tangu enzi za Mwingereza chuo cha Ukiriguru, Mwanza, kiliandaa mabwana shamba wa kusimamia zao, hasa pamba, na haikuwa kazi yake kuandaa wakulima. Maarifa yalishuka kutoka juu yakiwa amri. Matokeo yake yalionekana mwaka 1955 katika Milima ya Uluguru, pale Waluguru walipogoma na kuandamana kupinga kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Na kama kuna aliyedhani kwamba wakubwa waliujua udongo kuliko wenyeji, Mpango wa Karanga wa Kongwa ulikuwa umekwisha kumjibu. Ulianza mwaka 1947 na kuachwa 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Ardhi ya Kongwa hukakamaa kama tofali wakati wa kiangazi, karanga zikabaki chini na majembe ya matrekta yakalika. Wagogo walioizunguka wangeweza kulieleza jambo hilo bila malipo.

Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alijaribu kuigeuza picha. Andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 lilitaka kila shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi washiriki kupanga kazi, waone hesabu ya mapato na wafaidi walichozalisha. Katika shule nyingi sehemu ya kulima ilibaki na sehemu ya hesabu ikapotea. Wanafunzi walilima, mavuno yakaenda wasikokujua, na jembe likawa adhabu ya aliyechelewa namba. Kijana aliyetoka katika malezi hayo hawezi kulaumiwa kwa kuona kilimo ni kazi ya aliyefeli; ndivyo alivyofundishwa, na alifundishwa kwa vitendo.

Elimu ya juu nayo ilikuwa na kasoro yake. Chuo cha kilimo cha Morogoro kilichoanzishwa mwaka 1965 kilikuja kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Julai 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kwa heshima ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki Aprili mwaka huo. Wahitimu wake walilenga wizara, vituo vya utafiti na mashirika ya umma. Ajira za serikali zilipofungwa katika miaka ya 1990, walio na shahada ya kilimo wakawa wengi kuliko nafasi. Wengine waliingia kwenye maduka ya pembejeo, wengine kwenye miradi ya wafadhili, na wachache tu walishika shamba lao wenyewe. Ushirika wa wahitimu wajasiriamali, SUGECO, ulioanzishwa SUA mwaka 2011, ulikuwa jaribio la kuwafundisha watu waliosomea kilimo jinsi ya kuishi kwa kilimo. Kwamba mafunzo hayo ya pili yalihitajika kunasema mengi juu ya yale ya kwanza.

Wakati vyuo vikihangaika, vijana wengi waliingia shambani kwa njia yao. Safari ya barabara kuu kutoka Morogoro kwenda Iringa inaonyesha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula. Pembezoni mwa Dar es Salaam kuna matikiti na mboga za majani. Mtaji wa kuanzia ni kodi ya shamba, pampu ya maji ya petroli, mbegu chotara, mbolea, dawa na vibarua. Maarifa hutoka kwa jirani, kwa muuza pembejeo na kwenye makundi ya WhatsApp, ambako husambaa hesabu tamu: miche kadhaa kwa ekari, matunda kadhaa kwa mche, mara bei ya sokoni, na jibu ni mamilioni. Wazoefu huiita kilimo cha kwenye makaratasi. Hesabu hiyo haina mnyauko, haina dalali, haina lumbesa, wala haina wiki ile ambayo kila aliyepanda pamoja na wewe huvuna pamoja na wewe na tenga la nyanya kushuka chini ya gharama ya kulisafirisha.

Vitalu nyumba vilivyoshika kasi katikati ya muongo uliopita vilitoa funzo la aina hiyohiyo. Muundo na nailoni vilinunuliwa kwa mkopo. Ujuzi wa udongo haukuwemo kwenye kifurushi. Mnyauko wa bakteria ukiingia ndani ya kitalu na nyanya ikafuatwa na nyanya, hakuna dawa ya kuupulizia ukaisha. Dawa ni kubadilisha mazao, jambo ambalo mwenye marejesho ya kila mwezi huona haliwezekani.

Kisha mwaka 2014 akaingia nchini mdudu wa nyanya ambaye wakulima walimpa jina la kantangaze. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa ya juu haimfikii vizuri, na huzoea haraka kiuatilifu kinachorudiwa. Wakulima walichanganya dawa mbili tatu katika bomba moja na kupuliza mara kwa mara. Gharama ikapanda na mdudu akabaki. Wanaomweza huunganisha mitego ya harufu inayonasa madume, usafi wa shamba, kuteketeza masalia, kubadilisha mazao na kupokezanisha dawa za makundi tofauti. Mbinu zote hizo ni elimu tupu, na zinalipa ndani ya msimu huohuo.

Jambo hili la mwisho ndilo mitaala mingi haikulipa uzito. Mbinu za kilimo endelevu hazilingani kwa muda zinaoudai. Zipo zinazomfaa hata mpangaji wa miezi minne: udhibiti husishi wa wadudu, matandazo ya nyasi yanayotunza unyevu, umwagiliaji wa matone. Mfano bora ni kilimo shadidi cha mpunga, kilichoenezwa kwa msaada wa watafiti wa SUA kutoka skimu ya Mkindo, wilayani Mvomero. Miche hupandwa ikiwa na siku 8 hadi 12 tu, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na shamba huloweshwa na kukaushwa kwa zamu badala ya kujaa maji muda wote. Mbegu hupungua sana, maji hupungua, mavuno huongezeka. Gharama iko kwenye palizi, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakizuia magugu hayapo, na ndiyo maana palizi ya mashine ya kusukuma kwa mkono imekuwa sehemu ya mafunzo yenyewe.

Kundi la pili ni la mwenye shamba. Humo mna miti ya kurutubisha udongo, makinga maji, mzunguko mrefu wa mazao na parachichi. Mche wa parachichi uliobebeshwa huanza kuzaa kwa takriban miaka mitatu. Vijana wa Njombe na Rungwe wenye ardhi ya familia hupanda maharage katikati ya mistari kusubiri. Aliyekodi hawezi hata kuanza. Maarifa ya kundi hili mara nyingi ni ya wenyeji. Wamatengo wa Mbinga hulima miteremko mikali kwa ngoro, mashimo yaliyozungushiwa matuta na kufukiwa nyasi, ambayo hushika maji ya mvua, huzuia udongo usiporomoke na kugeuza nyasi kuwa rutuba. Ngoro zimedumu vizazi kwa kuwa shamba hurithiwa. Mwanafunzi anayefundishwa mfumo huo pasipo kuelezwa habari ya urithi hupewa nusu ya somo.

Katika Uluguru, milima ileile ya ghasia za 1955, matuta ya ngazi yamerudi bila kulazimishwa na mtu. Sehemu ya kazi hiyo ni ya shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, SAT, lililoanzishwa Morogoro mwaka 2011 na Janet Maro, mhitimu wa SUA, pamoja na Alexander Wostry. Kituo chake cha mafunzo kiko Vianzi, nje ya mji, na hufundisha mboji, dawa za mimea, mazao mseto na utunzaji wa kumbukumbu. Shirika hilo pia huunganisha watafiti wa SUA na maswali yanayotoka kwa wakulima wenyewe. Tofauti na mwaka 1955 ni kwamba mkulima huliona tuta likifanya kazi kwa mwenzake kabla hajainua jembe. Mashamba darasa hufuata kanuni hiyohiyo, na kwa gharama ndogo kuliko darasa lenye paa.

Upande wa ardhi, hatua kubwa ya serikali ni mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, maarufu kama BBT. Vijana 812 waliteuliwa mwaka 2023 kutoka kwa waombaji zaidi ya 20,000, wakafundishwa kwa miezi minne katika vyuo na vituo 13, huku mashamba makubwa ya pamoja yakiandaliwa Chinangali na Ndogowe mkoani Dodoma. Mantiki yake ni sahihi: kijana anapewa ardhi iliyosafishwa, maji na muda wa kutosha wa umiliki, vitu vitatu ambavyo semina haiwezi kuvitoa. Udhaifu wake ni gharama. Kusafisha pori, kuchimba visima na kutandaza mabomba ni kazi ya mabilioni, na vijana 812 ni sawa na wanafunzi wa sekondari moja ya kata. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka takriban Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi zaidi ya Sh900 bilioni mwaka 2023/24, lakini hata fedha hizo haziwezi kumjengea kila kijana Chinangali yake. Njia nafuu zaidi, nayo haisemwi sana, ni mikataba ya kukodi ya miaka mitano au zaidi inayoshuhudiwa na serikali ya kijiji. Hiyo peke yake ingembadilishia mpangaji hesabu ya samadi.

Mikopo imelegezwa kwa kiasi. Julai 2021 Benki Kuu ilitenga Sh1 trilioni za kuzikopesha benki kwa riba ya asilimia 3 ili nazo ziwakopeshe wakulima kwa riba isiyozidi asilimia 10. Dhamana imebaki kikwazo: hati ya haki miliki ya kimila, iliyowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, huwa na jina la mzazi, na mpangaji hana hati yoyote. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya.

Sokoni, mazao yaliyolimwa bila sumu hayana thamani ya ziada mpaka yatambulike. Alama ya Kilimohai, inayotokana na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha 2007, hutolewa pia kwa vikundi vinavyokaguana vyenyewe, utaratibu wa bei nafuu kuliko ukaguzi wa kampuni za nje. Pamba hai ya Meatu, iliyoanzishwa na kampuni ya bioRe mwaka 1994, imeonyesha kwamba mnunuzi wa uhakika anayelipa nyongeza hufundisha kuliko kipeperushi. Lakini nyanya ya kijana wa Vianzi ikifika soko la kawaida huingia tenga moja na iliyopulizwa dawa jana yake, na dalali hutaja bei moja.

Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai ulizinduliwa Novemba 2023. Umekuja nyuma ya ruzuku ya mbolea za viwandani iliyoanza Agosti 2022, ambayo ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP kutoka zaidi ya Sh120,000 hadi Sh70,000. Sera hizo mbili si lazima zigombane, kwani udongo wenye mboji huitumia vizuri zaidi hata mbolea ya dukani. Ila moja ina fungu kubwa na nyingine ina waraka. Wa kuzipatanisha shambani ni afisa ugani, na hao ni takriban 7,000 wakati mahitaji hukadiriwa kuzidi 20,000.

Shuleni, mtaala uliotokana na Sera ya Elimu toleo la 2023 umeanzisha mkondo wa amali, na kilimo ni mojawapo ya fani zake. Shule chache zilianza na kidato cha kwanza mwaka 2024. Wanafunzi hao watamaliza kidato cha nne 2027 wakiwa na cheti cha fani pamoja na cha elimu ya sekondari. Mahitaji ya somo yanajulikana: mwalimu aliyewahi kulima kwa fedha yake, maji, eneo la mazoezi, na daftari la mapato na matumizi linalobandikwa ukutani ili kila mwanafunzi alisome.