Mbio za Ramani Utemini (3): Kuilaza Ramani Mahali Pake

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulichora ramani ya Utemini, hapa Singida, na kupanga vituo. Leo tunaiandaa kwa ajili ya intaneti, ili wakimbiaji wakishamaliza wapandishe njia zao na kulinganisha: nani alilizunguka jabali kwa kushoto, nani alipoteza dakika akitafuta kituo.

Ramani ya karatasi haihitaji kujua iko wapi duniani. Kaskazini yake ikiafikiana na dira na umbali ukiwa sahihi, mtu atakimbia nayo. Mtandaoni haitoshi. Mfumo kama Livelox, uliotoka Sweden, huchukua nukta za jipiesi na kuzilaza juu ya ramani uliyoipa. Ramani ikikaa upande, mkimbiaji ataonekana akikata mbio katikati ya Ziwa Kindai, na viatu vyake vikavu.

Kosa kubwa huanzia kwenye chanzo. Karatasi za zamani za serikali, za skeli ya 1:50,000, ni kazi ya kuheshimiwa, lakini zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali jipiesi ya simu hutumia WGS 84. Ukizisoma namba za msingi mmoja kana kwamba ni za mwingine, hapa Singida mahali panahama zaidi ya mita 250. Kwenye ramani ya mbio fupi za mitaani, ya 1:4,000, hizo ni sentimita 6 na ushei. Kituo cha uwanja wa shule kinaweza kuangukia uani kwa watu. Kwa hiyo, katika programu ya kuchorea (OpenOrienteering Mapper ni ya bure na inatosha kabisa), taja msingi wa kila chanzo kabla hujachora mstari hata mmoja, kisha kazi yote ifanyike katika WGS 84, kanda ya UTM 36 Kusini.

Halafu hakiki kwa miguu. Chagua alama nne zilizo pembezoni, mbalimbali: njia panda, kona ya ukuta, jabali lisilochanganywa na jingine. Mbili hazitoshi, maana programu itaivuta ramani mpaka zikubaliane, na kosa litajificha. Ukingo wa Ziwa Singidani usiutegemee. Maji hupanda na kushuka. Wala usipime ukiwa umejibanza chini ya jabali, kwani mawimbi ya setilaiti hugonga mwamba na kukudanganya. Panda juu yake.

Vituo navyo visichorwe ndani ya picha ya ramani. Vipandishe kama faili ya peke yake, ya muundo wa IOF XML, mfumo uweze kugawa muda wa kila kipande. Ramani ifunguliwe kwa wote baada tu ya mkimbiaji wa mwisho kufika.

Simu irekodi kila sekunde, na ianze penye alama ya pembetatu, yaani mwanzo wa mbio, si mlangoni kwa mtu: mstari unaoanzia nyumbani humwonyesha mgeni yeyote mahali mkimbiaji anapolala.