Sukari iliyopanda kwa akina mama: muda wa kuirudisha bado upo

Katika toleo hili tunazungumzia hali isiyo na jina lililozoeleka vijijini kwetu: sukari ya damu iliyozidi kawaida, lakini haijafikia kiwango cha kuitwa kisukari. Mwenye hali hii mara nyingi haumwi popote, na kwa sababu hiyo hapimwi.

Jibu hupatikana kwa kupima damu asubuhi, baada ya kukaa bila kula kwa saa 8 au zaidi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita ni hatari, kuanzia 7.0, kipimo cha pili kikithibitisha, ni ugonjwa. Mwili, hasa wenye mafuta mengi tumboni, huwa mgumu kuitikia insulini, na kongosho hufanya kazi ya ziada mpaka linachoka. Mama aliyewahi kupata kisukari cha mimba yuko hatarini zaidi, hata kama sukari ilishuka alipojifungua. Huyo ndiye tungependa kamati zimtafute kwanza.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 wenye hali hii, takriban theluthi mbili wakiwa wanawake. Waliowekewa lengo la kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi, kama kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Kwa mama wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi.

Kilo hizo zinapatikana wapi? Kwanza kwenye vinywaji: chai yenye vijiko vitatu vya sukari na soda ya kila sherehe. Halafu sahani. Dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, na maharage au dagaa wapate nafasi yao. Mafuta ya kukaangia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yetu, si chakula bali maneno ya watu. Mama akinenepa husifiwa kuwa amenawiri. Akipungua majirani huanza kunong'ona kuhusu UKIMWI, na wengine husema mumewe hamtunzi. Peke yake atarudia sahani ya zamani. Wakiwa kumi wanaotembea pamoja jioni, maneno hupungua nguvu.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia ziunde vikundi hivyo, na vikao vyenu viwe na maji na matunda badala ya soda. Kwa wahisani: siku moja ya kupima watu wengi inapendeza kwenye picha, lakini wale wa Marekani walikutana na mshauri mara 16 katika wiki 24 za mwanzo. Tungependa mchango wenu ulipie nauli ya mhudumu wa afya anayerudi, pamoja na vijiti vya kupimia, kwa kuwa kila kipimo hutumia kijiti kimoja. Atakayekutwa na 7.0 au zaidi apelekwe kituo cha afya. Wengine wapimwe tena kila mwaka.