Pale mkono unapotetemeka

Niliingia kibanda cha chai Wabera kungojea basi la Nairobi. Basi likaniacha, na sababu ni glasi moja.

Chai ya maziwa hapa Isiolo huchemshwa pamoja kama kwingine. Lakini ukiagiza strungi, yaani chai ya rangi, na maziwa ya ngamia kando, mama mwenye kibanda anakumiminia mbele ya macho yako, polepole, juu ya mgongo wa kijiko. Kwa pumzi moja hivi maziwa yalitanda juu ya chai kama shuka. Kisha shuka likatoboka. Kidole cheupe kikashuka, kingine kikafuata. Kila kimoja kikavimba nchani kama uyoga, kingo za uyoga zikajikunja, vidole vikakumbatiana, na mara glasi nzima ikawa rangi ya mchanga wa mto Ewaso Nyiro.

"Maziwa baridi ni mazito, mwanangu, hayakai juu," alisema. "Na hayashuki popote tu. Pale mkono ulipotetemeka ndipo yanaposhukia."

Kauli hiyo ndiyo iliyonikosesha basi. Mwanafizikia Lord Rayleigh aliipigia hesabu mwaka 1883. Mwaka 1950 mwanafizikia mwingine, G. I. Taylor, akaonyesha kwamba hata mvutano wa dunia si lazima: chepesi kikikisukuma kizito, vidole huota vilevile. Na katika maabara ya Lawrence Livermore, California, vidole hivyo vinawakosesha watu usingizi. Miale 192 ya leza hukandamiza kidonge cha almasi, kadiri ya punje ya wimbi, chenye haidrojeni nzito ndani, hadi vyote viwe plazma, yaani atomi zilizovuliwa elektroni kwa joto. Tarehe 5 Desemba 2022 waliingiza megajuli 2.05 za nishati ya leza, viini vya haidrojeni vikaungana, wakapata 3.15. Ila kidonge hujazwa kwa mrija mwembamba kuliko unywele, na mrija huo huacha kovu. Kwenye kovu kidole huota, na kaboni ya ganda hupenya hadi katikati ya moto.

Nilimsimulia mama haya yote. Alisikiliza huku akisuuza glasi.

"Basi moto wao unapoa."

Unapoa, ndiyo.

"Sasa wanataka maziwa yakae juu?"

Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nikamwambia. Akacheka hadi akaweka glasi chini. "Hata huo ni mwingi! Mimi miaka yote hii yananishinda, na hapa ni chai tu."

Nikamuuliza ni wakati gani hasa vidole huacha kuwa vidole vikawa vurugu tupu. Akamimina nyingine, tukainamia glasi wote wawili. "Hapo," akasema. Mimi niliona ni mapema mno. Hata wenye leza hawajamaliza ubishi huo.

Akanipa kijiko nijaribu mwenyewe. Glasi 3, zote zilivurugika kabla maziwa hayajatanda. Nililipia zote.