Namna ya Kutenga Picha ya Bidhaa na Mandhari Yake ya Nyuma

Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinachopata mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hakimalizi kazi kinapokamilisha uzalishaji. Bidhaa haina budi kuuzwa ndipo mkopo urejeshwe, na mnunuzi wa mbali huiona kwanza katika picha. Picha nyingi za vikundi hupigwa uani kwa simu, na kapu la ukili lililosukwa kwa siku kadhaa huonekana katikati ya ndoo, nguo zilizoanikwa na baiskeli. Jicho la mnunuzi hutangatanga, na kazi nzuri hupotea machoni pake.

Dawa ya tatizo hilo ni kuitenga bidhaa na mandhari yake ya nyuma kwa programu ya kuhariri picha, kisha kuiweka juu ya rangi moja, katika lebo au katika bango la maonesho ya Nane Nane. Mojawapo ya programu hizo ni GIMP, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Programu hii hutolewa bila malipo, hivyo kikundi au mwenye duka la steshenari anaweza kuitumia bila kununua leseni.

Maandalizi kabla ya kompyuta

Upigaji picha makini hupunguza kazi ya baadaye. Bidhaa iwekwe kivulini penye mwanga wa kutosha, na nyuma yake itandikwe shuka isiyo na maua, yenye rangi inayotofautiana na bidhaa yenyewe. Jambo hili ni la lazima kwa chupa ya asali au mafuta, kwa kuwa kioo huonesha kilicho nyuma yake. Hata chupa ikikatwa vizuri pembeni, ndoo iliyokuwa nyuma yake itaendelea kuonekana ndani ya kioo.

Hatua za kutenga picha

Kwanza, hifadhi nakala ya picha ya awali na ufanye kazi kwenye nakala nyingine. Picha ya JPEG haibebi uwazi. Hivyo, kabla ya kukata, iongezewe uwezo huo ndani ya programu. Bila hatua hiyo, sehemu itakayofutwa hujazwa rangi badala ya kuwa wazi.

Pili, kuza picha hadi ukingo wa bidhaa uonekane bayana. Kwa vitu vyenye ukingo safi, kama kapu, kiatu au mche wa sabuni, tumia zana ya kuchora njia. Zana hii huweka nukta kuzunguka bidhaa, na mstari kati ya nukta mbili huweza kupindwa kufuata umbo. Pitisha mstari ndani kidogo ya ukingo, kiasi cha pikseli moja au mbili, ili rangi ya mandhari ya zamani isibaki kama utepe kuizunguka bidhaa. Uwazi ulio chini ya mkono wa kapu nao uzungushiwe njia yake, kwani ni sehemu inayosahaulika mara kwa mara.

Tatu, geuza njia hiyo kuwa eneo lililochaguliwa, kisha ufiche mandhari kwa kinyago cha tabaka badala ya kuifuta. Katika kinyago, rangi nyeusi huficha, nyeupe huonesha, na kijivu huonesha kwa kiasi. Ukikosea, unapaka nyeupe na sehemu iliyofichwa inarudi. Nywele na nyuzi za pembeni mwa mkeka, ambazo haziwezi kufuatwa kwa mstari, hupakwa taratibu kwa brashi ndogo yenye ukingo laini.

Nne, jaribu picha juu ya rangi nyeupe, kisha juu ya rangi nyeusi. Kasoro isiyoonekana kwenye moja hufichuka kwenye nyingine. Ongeza kivuli chepesi chini ya bidhaa ili isionekane kuelea hewani. Mwisho, toa picha katika muundo wa PNG, unaotunza uwazi.

Mipaka ya kuzingatia

Kutenga picha kusitumike kubadili bidhaa. Kuondoa ndoo ni kusafisha mandhari. Kufuta ufa wa chungu au kuongeza rangi isiyokuwapo kwenye batiki ni kumdanganya mnunuzi, naye akipokea kitu tofauti hatarudi tena.

Aidha, picha inayotolewa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kuonesha maendeleo ya mradi haipaswi kuondolewa mandhari. Katika picha hiyo, banda, mashine, malighafi na watu waliopo kazini ndio ushahidi wenyewe. Mashine iliyotengwa juu ya rangi nyeupe haielezi ilipo wala kama inafanya kazi.

Hivyo basi, kikundi kinachopeleka picha steshenari kidai mafaili mawili: picha ya awali ambayo haijaguswa, kwa ajili ya kumbukumbu za mradi, na picha ya PNG iliyotengwa, kwa ajili ya soko.