Kabla ya kumupa bunduki, tuulize alifungwa kwa nini

Huku kwetu, kuanzia Kalundu mpaka Sange, swali linarudi kila mara: mutu aliyetoka gereza anaweza kuingia jeshi? Sisi tunajibu kwa swali lingine: alifungwa kwa nini?

Tunakumbuka Bosco Ntaganda. Mahakama ya La Haye ilitoa hati ya kumukamata mwaka 2006. Hata hivyo, mwaka 2009 aliingizwa FARDC na cheo cha jenerali, eti kwa ajili ya amani. Mwaka 2012 akaasi, M23 ikazaliwa. Mwaka 2019 akahukumiwa miaka 30. Aliyelipa bei ni raia.

Leo, sheria ya 2023 ya jeshi la akiba imefungulia Wazalendo mlango. Ni wengi, na kila mumoja ana historia yake.

Kijana aliyeiba kuku akamaliza kifungo chake, apewe nafasi. Aliyebaka ao kuua raia, hapana.

Muchimbaji anayetoka Misisi na dhahabu yake kidogo mufukoni, akisimamishwa kwenye barieri usiku, hawezi kumuuliza mwenye bunduki alitokea wapi. Wanaomuandikisha ndio wamuulize.