Kusoma kwa Kufasiri: Darasa la Kojève na Tatizo la Istilahi za Falsafa

Utangulizi

Aghalabu historia ya falsafa husimuliwa kana kwamba fikra husafiri zenyewe kutoka nchi hadi nchi pasipo kubebwa na lugha. Masimulizi ya namna hiyo humsahau mfasiri. Makala haya yanachunguza tukio ambalo haiwezekani kumsahau mfasiri ndani yake, nalo ni darasa la kumsoma Hegel lililoongozwa na Alexandre Kojève mjini Paris baina ya mwaka 1933 na 1939. Falsafa ya Kifaransa ya miaka iliyofuata ilichota mengi katika darasa hilo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kilichochotwa hakikuwa Hegel mtupu, bali Hegel aliyepitishwa katika maneno machache ya Kifaransa yaliyoteuliwa na msomaji mmoja. Jambo hilo lina funzo kwa yeyote anayekusudia kuandika falsafa kwa Kiswahili.

Darasa na wasomaji wake

Kojève alizaliwa Moscow mwaka 1902, akasoma Ujerumani, kisha akahamia Paris. Mwaka 1933 alishika nafasi ya Alexandre Koyré, aliyekwenda kufundisha Cairo, katika École pratique des hautes études. Rasmi, somo lilihusu falsafa ya dini ya Hegel. Kwa hakika lilikuwa usomaji wa kitabu kimoja tu, Fenomenolojia ya Roho, kilichochapishwa mwaka 1807. Waliohudhuria walikuwa wachache, lakini miongoni mwao walikuwamo Georges Bataille, Raymond Queneau, Jacques Lacan, Raymond Aron na Maurice Merleau-Ponty, ambao baadaye kila mmoja alipata sifa katika uwanja wake.

Utaratibu wa darasa ndio unaostahili kuangaliwa zaidi. Lilipoanza, hapakuwa na tafsiri kamili ya kitabu hicho kwa Kifaransa. Ile ya Jean Hyppolite ilitoka kwa juzuu mbili, mwaka 1939 na 1941. Kwa hiyo Kojève alichukua fungu la Kijerumani, akalifasiri, kisha akalifafanua. Kufasiri na kufafanua vikawa tendo moja. Msikilizaji asiyekijua Kijerumani hakuwa na njia ya kupambanua lipi lilikuwa la Hegel na lipi lilikuwa la mwalimu. Hatimaye Queneau alizikusanya kumbukumbu alizoziandika darasani, zikachapishwa mwaka 1947 pamoja na maandishi ya Kojève mwenyewe. Hivyo, kizazi kilichofuata kilimsoma Hegel kupitia kinywa cha mmoja na kalamu ya mwingine.

Knecht na esclave

Mfano ulio bayana kuliko yote ni ule wa sehemu fupi ya sura ya nne. Humo Hegel anaeleza jinsi nafsi mbili zinavyokutana, kila moja ikitaka kutambuliwa na nyingine, na jinsi zinavyopambana hata kuhatarisha uhai. Moja inaogopa kifo, inasalimu amri. Mshindi anakuwa Herr, mshindwa anakuwa Knecht. Lakini ushindi huo unajipinga wenyewe. Bwana anatambuliwa na mtu ambaye yeye mwenyewe hamtambui, kwa hiyo utambuzi huo hauna thamani kwake. Yule wa chini, kwa upande wake, anaizuia tamaa yake, anaifanyia kazi dunia na kuipa umbo, na katika kazi hiyo anaanza kujiona mwenyewe.

Kojève aliitoa sehemu hii mahali pake pa wastani akaifanya ufunguo wa kitabu kizima. Pia alimfasiri Knecht kwa neno esclave, yaani mtumwa. Kijerumani kina neno Sklave kwa maana hiyo, wala Hegel hakulitumia hapa. Knecht ni mtumishi, mfanyakazi wa nyumbani au wa shamba. Kwa badiliko hilo moja, maelezo ya jinsi nafsi inavyojijua yaligeuka kuwa hadithi ya historia nzima ya binadamu, ambamo maendeleo yote ni kazi ya watumwa.

Athari yake ilionekana wazi mwaka 1952, Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alipochapisha Peau noire, masques blancs. Kwa msomaji atokaye katika kisiwa cha mashamba ya miwa, esclave halikuwa fumbo la kifalsafa, lilikuwa historia ya mababu. Fanon alimjibu Hegel kwamba bwana wa koloni si yule wa kitabuni. Huyu hahitaji kutambuliwa na mtumwa. Anachotaka kwake ni kazi. Jibu hilo lenye nguvu lilirahisishwa na neno alilolikuta tayari katika Kifaransa.

Mtumwa au mtumishi?

Mfasiri wa Kiswahili anakabiliwa na uteuzi huohuo, lakini lugha yake inampa nyenzo tofauti. Mtumwa na mtumishi ni maneno ya mzizi mmoja, -tum-. La kwanza limejengwa juu ya hali ya kutendwa: ni yule atumwaye na mwingine. La pili limetokana na kitenzi tumika, kwa kanuni ileile inayotoa mwandishi katika andika. Kisarufi, basi, mtumwa ni wa kutendwa na mtumishi ana tendo lake. Safari anayoieleza Hegel, ya mtu aanzaye kama chombo cha mwingine akaja kujiona katika kazi yake, karibu imo katika mnyambuliko wenyewe.

Hata hivyo, maneno hayaishi katika sarufi peke yake. Katika pwani ambako utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897 na Kenya mwaka 1907, mtumwa ni neno zito. Atakayeliteua atamkaribia Fanon. Atakayeteua mtumishi atamkaribia Hegel.

Ama kuhusu Herr, Kiswahili kina bahati kuliko Kifaransa. Katika sehemu hiyohiyo Hegel anaigusa methali ya Biblia juu ya kumcha Bwana na hekima. Kwa Kijerumani neno moja hubeba mwajiri na Mungu, na ndivyo lilivyo bwana. Neno maître la Kifaransa halifanyi hivyo, na maana hiyo ya pili hupotea.

Hitimisho

Mwaka 1948, katika barua kwa mwanafalsafa Tran Duc Thao, Kojève alikiri kwamba hakukusudia kuandika uchunguzi wa kihistoria juu ya Hegel. Unyofu huo ni wa kusifiwa, ila ulikuja baada ya darasa kwisha na kitabu kusambaa. Si kosa mfasiri kuteua. Kosa ni kuuficha uteuzi hata msomaji akadhani kwamba hapakuwa na njia nyingine. Wanaounda istilahi za falsafa kwa Kiswahili wangefanya vyema kuweka kando ya kila istilahi ile iliyokataliwa pamoja na sababu ya kukataliwa kwake, ili wajao wapate mahali pa kuanzia mjadala.